Ngoma Nne za Fagia

Kageha wa Huruma huuza nguo za watoto soko la Gikomba, meza ya pili kutoka yangu, na ana mdomo. Akikosa wateja anarapu, akipata wateja anarapu wakichagua. Mimi Triza nimemvumilia miaka sita.

Mwaka huu alirekodi ngoma nne na Nafiso, binti wa Kisomali wa Ziwani anayeuza mashuka. Walirekodia ndani ya stoo ya mitumba, kwa sababu mabelo ya nguo yaliyopangwa hadi darini humeza kelele za maseremala wa jirani. Mlangoni nilisimama mimi kuzuia watu, na sikununuliwa hata chai.

Kisha akaja Owen, mtangazaji wa redio moja ya mjini. Akasikiliza miguu ikiwa juu ya belo langu, bila kuomba.

"Hii ya pili ni kamera," akasema. Kamera kwetu ni nguo safi kabisa, ile inayogombaniwa belo likipasuliwa. "Ijumaa naicheza. Lakini huyu dame wa Ziwani, mtoe. Na hiyo lafudhi, huyo ni fagia."

Fagia ni masalio, yale tunayomwaga chini jioni mtu ajiokotee.

Nafiso akainamisha kichwa. "Kageha, nitoe tu. Usikose redio juu yangu."

Kageha ameiota redio hiyo tangu shuleni. Nami, Mungu anisamehe, nilitamani akubali.

"Buda, ushawahi nunua belo?" akamuuliza Owen.

"Zii," Owen akatikisa kichwa.

"Belo unanunua ikiwa imefungwa. Unabeba yote, kamera na fagia. Hakuna kurudishia mwenye stoo. Sasa toa miguu kwa belo ya Triza, uende."

Owen akaenda, na redio ikaenda naye. Kageha akalia nyuma ya meza kwa hasira, nikamwacha alie.

Jumamosi tulipopasua belo jipya, watu wamesongamana wakitafuta kamera, Kageha akazicheza zote nne kwenye spika yetu ya kuitia wateja. Jina la rekodi alikuwa ameliandika kwenye kipande cha boksi, herufi kubwa: FAGIA.

Sauti ya Nafiso ilipoingia, mama mmoja akasimama, sweta mkononi.

"Huyu sasa ni nani? Niwekee yake peke yake kwa simu."

Kageha akafungua mdomo, lakini Nafiso alishamtangulia.

"Hapa hatuchambui, mama," akasema, kichwa juu. "Beba zote."