Mzazi wa Huyu Asimame

Habari za kifo cha pasta wetu wa zamani zilinifikia kupitia kundi la WhatsApp la kanisa, chai ikiwa bado mezani. Kabla sijaimaliza, kundi zima lilikuwa limejaa machozi na sifa: simba wa Neno, baba wa watoto wetu, nguzo ya familia. Mimi sikuandika kitu. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba marehemu wakipita katika safu hii huwa nawapamba kidogo, maana tumelelewa kuamini kwamba aliyetangulia hasemwi. Huyu nitamsema. Nilimjua miaka mingi, sikumpenda, na kufa kwake hakujanifanya nimpende.

Nimpe haki yake kwanza, nisije nikaitwa mnafiki. Alikuwa mchapakazi. Alizuru wagonjwa wa mtaa wa Nyalenda hata mvua ikinyesha, alipatanisha waume na wake zao, na alikuwa na hamu ya kweli ya kuona watoto wakiijua Biblia. Tatizo ni namna alivyoitumia hamu hiyo. Kila Jumapili, kabla ya mahubiri, aliwaita watoto mbele mmoja mmoja waseme kwa moyo aya ya wiki. Aliyeweza alipigiwa makofi. Aliyekwama hakuguswa wala hakukaripiwa. Pasta aliwageukia waumini na kusema kwa ile sauti yake ya upole, "Mzazi wa huyu asimame." Mzazi alisimama, akabaki wima mbele ya watu mpaka mtoto akumbuke, au mpaka mahubiri yaishe. Biblia hufunzwa nyumbani, alituambia, kwa hiyo mtoto asiyejua ametoka katika nyumba isiyosali. Tuliambiwa pia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Watu waliitikia amina, na wenye watoto wa ndimi nyepesi waliitikia kwa nguvu zaidi.

Katika kanisa hilo kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wa Obunga, mkaangaji wa mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Alimlea binti yake peke yake, na binti huyo alikuwa na kigugumizi. Akiongea, maneno yalimkaba. Akiimba, yalimtoka yote, na majirani walimsikia jioni akiziimba aya za kanisani huku akimsaidia mamake kuchochea moto. Basi Jumapili moja aya ilikuwa ile ya upendo na uvumilivu wake. Mtoto akaanza, akakwama neno la kwanza, akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Wenzake wakacheka. Pasta akasema maneno yake, na mama akasimama katika sare yake nyeupe ya kina mama.

"Pastor, huyu mtoto anajua," mama alisema. "Mpatie time tu. Ama aimbe. Akiimba inatoka yote."

"Mama, hapa hatuko kwa kwaya. Kama Neno haiko kwa mtoto, shida iko kwa nyumba. Wewe simama tu."

"Nyathina, mtoto wangu, sema pole pole," mama akamwambia bintiye. Mtoto alimtazama mamake aliyesimama, akafunga mdomo kabisa. Mama alisimama mahubiri yote, na Jumapili iliyofuata akasimama tena, na nyingine, wakati pasta akitufundisha namna ya kujenga familia ya Kikristo.

Nilimfuata pasta ofisini. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote, nikadhani atanisikia. Nilimwambia kigugumizi si dhambi ya mtu, na kwamba anamfundisha yule msichana jambo moja tu, kwamba akifungua mdomo mamake anaaibishwa. Alicheka, akanimiminia soda. "Mwalimu, wewe uko soft sana," alinijibu. "Hiyo aibu ndiyo inafanya wazazi wasome Biblia. Utaona, huyo mtoto ataongea tu." Hakuongea. Kisha mamake akaniambia, siku niliyomkuta kando ya karai lake la mafuta, kwamba hata nyumbani mtoto ameacha kuimba. "Mwalimu, nyumba imenyamaza," alisema, akageuza mifupa yake. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia yule mtu, na nasema kumchukia kwa sababu hakuna neno jingine.

Msidhani namsema yeye peke yake. Pitieni makanisa yetu ya huku kando ya ziwa leo muone mashindano ya aya, watoto wamevalishwa tai, simu zimeinuliwa juu kuwarekodi, mama anatembeza midomo pamoja na mwanawe kana kwamba mtihani ni wake. Ni wake kweli. Tumewageuza watoto kuwa vyeti vya wazazi. Mtoto anataja sura na mstari bila kusita, lakini ukimuuliza maana yake, anamtazama mamake. Tena katika nyumba nyingi kinachofundishwa kwa jina la Mungu ni hofu ya kusemwa na watu wa kanisa, na mtoto hujifunza hofu hiyo haraka kuliko Zaburi yoyote.

Tulimzika kwao, Asembo Bay. Hema zilijaa, vipaza sauti vilikoroma, na askofu aliyeongoza ibada alimsifu mpaka akapoteza sauti. Kisha akasema, "Wazazi wote ambao watoto wao walifundishwa Biblia na huyu mtumishi, simameni tumpe heshima." Viti vya plastiki vikalia, hema letu zima likainuka. Mama wa Obunga, ambaye tangu asubuhi alikuwa jikoni akiwapikia waombolezaji, alikuwa ameketi mbele yangu, kanga kiunoni, mikono bado ina unga. Hakuinuka. Mwanamke wa pembeni yake akamgusa bega.

"Mama, simama. Ni heshima ya marehemu."

"Nimewapikia wageni wake," akajibu, wala hakushusha sauti. "Lakini kusimama, hapana. Hiyo nilishamsimamia kanisani."

Nami niliyekuwa nimeanza kuinuka kwa mazoea, nikarudi kitini. Binti wa yule mama hakuja. Sasa ni fundi wa nguo mjini, na wateja wake humwambia wanachotaka, naye huwajibu kwa kuandika.

Kwa hiyo wewe utakayefundisha watoto Jumapili hii, sina theolojia ya kukupa. Mtoto akikwama katika aya, usimwite mzazi wake. Vuta kiti, keti karibu naye, umngoje amalize.