Mjane wa Taifa

Kabla taifa halijamjua, alikuwa Mama Pasi tu, na jina hilo lilimtosha. Chumba chake cha mbele kilitazama barabara. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka nyeupe juu yake, pasi za umeme, na moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme uliamua kwenda zake. Wateja wake walikuwa walimu, wauguzi, makarani, na mara moja moja bwana harusi aliyetaka suruali yenye mkunjo wa kukatia nyanya. Mdomo alikuwa nao. Mtu akileta shati lililounguzwa huko nyumbani, Mama Pasi alilinyanyua taratibu, akalitazama, akauliza kwa sauti ya huruma, "Pole sana. Marehemu alikuwa nani yako?" Watu walicheka, wakaacha shati, wakarudi tena wiki iliyofuata.

Mumewe alikuwa fundi wa boila kwenye kiwanda cha sabuni, ng'ambo ya reli. Walimwita Mvuke, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya hasira zake, ambazo zilipanda upesi na kushuka upesi. Jioni akirudi aliketi kwenye kiti kando ya meza ya pasi, na kabla hata hajavua viatu, anaanza kulalamika. Mwaka ule wa mwisho wimbo ulikuwa mmoja: vali ya usalama. Boila lina vali inayofunguka yenyewe mvuke ukizidi, na ile ya kwao ilikuwa imechakaa, inafunguka ovyo na kusimamisha kazi. Badala ya kununua nyingine, msimamizi aliamuru ifungwe kwa waya.

"Kwa waya, mke wangu! Kama mtu anafunga mzigo wa kuni!"

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Wananijibu nchi inahitaji sabuni."

Mama Pasi alicheka, akamwambia ale kwanza, hasira hazishibishi. Kicheko hicho kilikuja kumuuma baadaye.

Boila lilipasuka asubuhi, zamu ya kwanza ikiwa ndiyo kwanza imeingia. Vioo vya mtaa mzima vilimwagika chini. Mama Pasi alikuwa kwenye kola ya shati la mwalimu mmoja. Aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, ndipo akakimbia. Walikufa wengi asubuhi ile. Mvuke aliletwa nyumbani ndani ya sanduku lililokwisha kupigiliwa misumari, na mkewe akaombwa, kwa upole, asiombe kufunguliwa.

Aliyemshika siku hizo ni jirani wa ukuta mmoja, Mama Mapacha, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wafu na moyo mkubwa kuliko sauti yenyewe. Alikuwa na wana wawili waliozaliwa kwa pamoja, na hao ndio waliokuwa wakibeba maji, wakipanga viti, wakiwasha moto. Mama Mapacha alilala chini sakafuni karibu na mfiwa, akimlisha kijiko kwa kijiko kama mtoto, na alipokataa kula alimwambia, "Jikaze kisabuni, jirani. Huyu kijana wako atamtazama nani?"

Kijana huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa akijifunza kuchomelea vyuma kwenye gereji ya karibu. Mtu mkimya, mwenye mabega ya baba yake.

Kisha kiwanda kikatoa taarifa. Mtunza boila, ilisema redio, alikuwa amelewa na kulala kazini. Mvuke! Mtu ambaye hata soda ilimpanda kichwani! Lakini nani angebishana na redio? Waombolezaji walianza kukumbuka shughuli zao, mmoja baada ya mwingine. Mashati hayakuletwa tena. Mtu asiyejulikana aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wao: MUUAJI. Kijana alirudi kutoka gereji mdomo umevimba.

"Nani amekupiga, baba?"

"Mtu ambaye dada yake alikuwa kiwandani." Aliosha uso, akakaa kitandani. "Sikumrudishia, mama. Ningemrudishia kwa kipi?"

Tangu siku hiyo hakutoka nje. Aliketi chumbani mwake, pazia limeshushwa, na mama yake alimpelekea chakula na kukitoa kilivyo. Hilo lilimvunja kuliko msiba wenyewe.

Hapo ndipo alipokuja Msemaji wa serikali. Ni vizuri ieleweke nchi ilikuwaje wakati huo. Kulikuwa na ugomvi wa zamani na nchi ya ng'ambo ya mto, juu ya mafungu ya mchanga yaliyojitokeza maji yakipungua. Wakubwa walikuwa wamehutubia juu ya mchanga huo mpaka sauti zikawakauka, na watu waliwapigia makofi ya adabu, wakaenda zao. Nani alee mtoto miaka yote hiyo akafie mchanga? Vita ilikuwa imeshapangwa, silaha zimeshanunuliwa; kilichokosekana ni hasira ya wananchi, na hiyo haipatikani dukani.

Msemaji alikuwa mtu wa sauti laini, shati safi, kola imepigwa pasi vibaya. Alikaa kwenye kiti cha marehemu bila kujua ni cha nani.

"Pole sana, mama. Niseme mapema tu: sisi serikalini hatuyaamini haya maneno ya kiwanda."

Mama Pasi nusura amshike miguu. Alikuwa mtu wa kwanza kusema hivyo.

"Mumeo hakuwahi kukutajia watu wageni? Watu wanaozungukazunguka karibu na uzio wa kiwanda, wenye lafudhi ya ng'ambo?"

"Alinitajia vali. Walikuwa wameifunga kwa waya."

"Vali," alisema Msemaji, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mama yangu, nitakwambia ukweli kama mwanao. Kiwanda kina wenyewe, na hao wenyewe siwezi kuwagusa. Nikitoka hapa na habari ya vali, tume ya uchunguzi itakisikiliza kiwanda, na mumeo atabaki mlevi aliyeua wenzake. Nikitoka na watu wa kwenye uzio, mumeo ni shujaa aliyeuawa na adui akiwa kazini. Fikiria. Mfikirie na kijana wako."

Kutoka chumba cha pili hakukusikika hata kikohozi.

"Huenda aliwaona," alisema Mama Pasi.

"Huenda?"

"Aliwaona. Aliniambia."

Walio mbali wanaweza kumhukumu kwa raha zao. Yeye aliwekewa mezani uongo wa aina mbili, mmoja unamzika mumewe na mtoto, mwingine unawafufua wote wawili, na ukweli haukuwepo mezani kabisa. Alichagua anavyochagua mke na mama. Uchungu wangu mimi hauko kwake, uko kwa aliyeandaa meza ile.

Walimrekodi pale pale chumbani, pasi zikiwa zimesogezwa pembeni. Mara ya kwanza alilia mapema mno. "Samahani, mama," alisema fundi wa mitambo, "ukiweza, lia baada ya kusema 'kutoka ng'ambo'." Mara ya pili alilia mahali panapotakiwa.

Sauti yake ikapigwa redioni asubuhi, mchana na jioni, kabla ya habari na baada ya habari. Walimwita Mjane wa Taifa. Picha ya Mvuke ilibandikwa kwenye kuta, kwenye vituo vya basi, kwenye mlango wa posta. Ilikuwa ni picha yao ya harusi. Mke alikuwa amekatwa, vikabaki vidole vyake tu kwenye bega la mume. Chini yake waliandika: HATUTASAHAU. Mama Pasi alipopita hapo alivitazama vidole vyake, akainamisha macho.

Lakini neno la mkaa ukutani lilifutwa, na waliolifuta ni wale wale waliokuwa wakipita bila salamu. Mashati yalirudi, mengi kuliko zamani. Hata wake za wakubwa walituma nguo kwake ili waseme zimepigwa pasi na Mjane wa Taifa. Kijana alinyanyua pazia, akatoka, akarudi gereji. Yule aliyempiga alimwomba radhi mbele za watu. Basi Mama Pasi akashusha pumzi. Kwa akili yake mambo yameishia hapo: marehemu kasafishwa jina, mtoto anakula, serikali na hao wa ng'ambo watajuana wenyewe.

Vita ilitangazwa kabla mvua hazijaanza. Na sasa hapakuwa na haja ya kuhutubia juu ya mchanga. Vijana walipanga foleni mbele ya ofisi ya kuandikisha askari tangu alfajiri, na ukiwauliza, hakuna aliyetaja mto. Walimtaja Mvuke.

Mama Mapacha aliingia siku moja bila kupiga hodi, akakaa, akafunika uso kwa ncha ya khanga.

"Wamejiandikisha," alisema. "Wote wawili. Nimewaambia abaki hata mmoja, wamekataa. Wanasema, mama, tulimbeba baba yule wenyewe mpaka kaburini, tutakaaje tu? Wameisikia sauti yako, jirani." Akajifuta macho, akajaribu kutabasamu. "Basi. Ikiwa ni kwa ajili hiyo, nitavumilia. Ingekuwa kwa ajili ya ule mchanga, ningejilaza mlangoni wanikanyage."

Mama Pasi aligeukia meza. Alihisi harufu ya kitambaa kinachoungua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa ameisahau pasi juu ya nguo ya mtu.

Juma hilo hilo kijana wake alirudi na magwanda mapya mkononi.

"Nipigie pasi, mama. Tunaondoka Jumamosi."

Hakuyapokea. Alifunga mlango wa barabarani, akamkalisha, akamwambia yote: vali, waya, Msemaji, watu wa kwenye uzio ambao hawakuwepo. Alisema haraka haraka, akiogopa asije akarudi nyuma katikati. Kijana alisikiliza akitazama viganja vyake vyenye alama za cheche.

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Baba alinipeleka kule akanionyesha ule waya. Aliniuliza kama gereji tunaweza kumtengenezea vali nyingine kimyakimya. Bosi wangu akakataa."

"Sasa kama unajua, unakwenda wapi?"

"Nibaki wapi? Mapacha wanakwenda kwa ajili ya baba yangu. Gereji nzima inakwenda. Mimi mwanawe nikae hapa nakunja mashati?"

"Basi waambie ukweli!"

"Niwaambie mama yangu ni mwongo na baba yangu ndiye muuaji, kama walivyosema mwanzo? Siwezi." Aliyakunja magwanda mkononi. "Na hawataniamini. Aliyewaambia ni wewe, mama."

Alilisema bila hasira, na afadhali angelisema kwa hasira. Mama Pasi aliyachukua magwanda, akayapiga pasi yote, suruali na shati na kofia, huku machozi yakianguka kwenye kitambaa na kukauka hapo hapo. Lakini alikuwa ameshakata shauri. Kama ni yeye aliyewaambia, atawaambia tena.

Jumamosi walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Malori yalikuwa yamepangwa upande mmoja, yamejaa vijana, na bendi ya polisi upande wa pili. Msemaji alipanda jukwaani kola ikiwa imenyooka, maana siku hizi naye alikuwa mteja. Akamkaribisha Mjane wa Taifa awaage watoto wake. Uwanja ukatulia kabisa. Mama Pasi alipiga moyo konde, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mume wangu aliuawa na boila bovu," alisema. "Hakuna adui aliyekuja. Niliwadanganya. Shukeni, wanangu. Shukeni mrudi nyumbani."

Kipaza sauti kilizimwa hapo, lakini walio mbele walikuwa wamesikia, na yeye akaendelea kupiga kelele kwa sauti yake mwenyewe. Aliyetangulia kumjibu hakuwa Msemaji. Alikuwa Mama Mapacha, aliyesimama karibu na jukwaa, mkono umeelekea malorini.

"Nyamaza! Nyamaza, mwanamke! Wangu wawili wako juu ya lori! Unaniambia wanakwenda kufa kwa ajili ya boila?"

"Ndiyo, jirani. Ndiyo."

"Amechanganyikiwa!" alipaza sauti Mama Mapacha, akiwageukia watu. "Ni uchungu huo! Mshusheni apumzike!"

Na uwanja mzima ukapokea: maskini, ni uchungu, mume jana, leo mtoto. Wanawake wengine walianza kumlilia. Msemaji hakuhitaji kusema lolote. Aliashiria bendi, na bendi ikapiga. Juu ya lori la kwanza, kijana alikuwa ameinamisha kichwa, na mapacha wamemweka katikati, wanampapasa mgongo, wanamwambia asijali, mama yake atapona. Aliwaacha wampapase.

Malori yaliondoka moja baada ya jingine. Mama Mapacha alimfikia Mama Pasi chini ya jukwaa, akamkamata mkono kwa nguvu, kucha zikamwingia. Ile sauti ya kuamsha wafu ilikuwa imekwisha, umebaki mnong'ono.

"Sema ulichanganyikiwa," alisema. "Niambie mimi tu. Nakuomba, jirani."

Mama Pasi alimtazama usoni. Aliona jinsi midomo ile iliyomhesabia vijiko vya uji inavyotetemeka. Lori la mwisho lilikuwa linapinda kona.

"Nilichanganyikiwa," alisema.

Mama Mapacha aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu aliyepewa dawa. Kisha walitoka uwanjani pamoja.