Kiti cha Mrithi

Baba alipofariki kwa kiharusi tulimzika nyumbani Muleba, kwenye kibanja chake, na jioni hiyohiyo baba mdogo akanikalisha kwenye kiti cha marehemu. Mimi ndiye mrithi. Katika ukoo wetu mrithi hukaa hapo mpaka matanga yaishe, wafiwa wengine wakiwa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, na wageni humfuata alipo. Akiinuka, nao huinuka na kuaga, wakijua amewaruhusu.

"Usisimame hovyo," baba mdogo alinionya. "Utafukuza watu msibani."

Nilikichukia kile kiti. Muda mfupi kabla ya hapo, daktari mmoja wa Bukoba, ninakofanya kazi ya ofisini, alinipima akanikuta sina tatizo lolote. Ila aliniambia kwamba hata mtu mwenye afya njema akikaa saa nyingi mfululizo, damu hupita kivivu miguuni na mishipa hupoteza wepesi wa kutanuka. Niwe nainuka mara kwa mara, nitembee kidogo. Jambo jepesi kabisa, nami nilikuwa nimefungwa kwa heshima kama mbuzi kwenye kamba.

Niliogopa, niseme ukweli. Baba alikuwa karani, alikaa kitini maisha yake yote. Wageni walikuja, wakanipa pole, wakatafuna punje kavu za kahawa, wakazungumzia mvua. Soksi zilinibana. Nilijikanda vigimbi kwa siri huku nikiitikia salamu.

Aliyeniokoa ni mama. Kila baada ya muda aliniita kutoka kwenye nyasi.

"Mwana wange, nishike mkono, nitoke nje kidogo."

Mjane akiomba kusindikizwa, hakuna anayedhani mrithi anaaga watu. Wageni waliendelea na kahawa zao. Tulizunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye migomba, taratibu, tukarudi. Chooni hakuingia hata mara moja, kana kwamba haja ilimjia kisha ikakataa. Nikaanza kuwaza sukari, nikawaza figo, na siku ya kuanua matanga nikashindwa kuvumilia.

"Mama, unaumwa nini? Nikupeleke hospitali."

"Siumwi." Alikuwa anaitazama miguu yangu. "Baba yako naye alikuwa anajikanda hivyohivyo chini ya meza. Nami nilikuwa nampelekea chai palepale, asisumbuke kuinuka."

Alinishika mkono kwa nguvu zaidi.

"Twende tuzunguke tena," akasema.