Wekundu wa Mama

Mchoro ulikaa mezani kwangu miezi mitatu, na kila mgeni aliyeingia nyumbani Timau aliuwekea kikombe cha chai juu. Niliuchora nyuma ya karatasi nne za kalenda ya zamani zilizobandikwa pamoja kwa gundi: vitambaa tisa vya hariri vikining'inia kwenye ufito mmoja, kila kimoja kirefu kunipita mimi, vimepangwa jinsi barabara inavyoshuka. Huku juu kwetu kwenye baridi na ngano, kisha Meru, kisha Embu, halafu Kiritiri nilikozaliwa, na mwisho maji ya bwawa la Kiambere.

Mimi ni karani katika shamba la maua. Wenzangu kazini wananijua kama yule mama wa kuchemsha maganda, na wamezoea kuniletea mifuko ya maganda ya vitunguu bila kuuliza maswali. Maonyesho ya sanaa ya Embu yalipokubali kazi yangu, nilijifungia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuandika orodha ya waridi. Sikuwahi kuonyesha chochote mahali popote isipokuwa kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Hariri yenyewe nilipewa na mwalimu mstaafu anayefuga viwavi wake kwenye miforosadi, upande wa chini wa Meru. Alinipa vitambaa tisa, ndivyo vyote alivyokuwa navyo, akaniambia vingine labda mwaka ujao, Mungu akipenda na viwavi wakipenda. Kwa hiyo nilipanga kwa woga. Nilipunguza pindo nyembamba kwenye kila kitambaa, nikazijaribu rangi juu ya pindo hizo kwanza. Maganda ya vitunguu yalitoa manjano, mbegu za avokado zikatoa waridi iliyofifia, maji ya njahi, yale maharagwe meusi, yaliyolala usiku kucha yakanipa kijivu cha bwawa. Vitambaa vinane nilikuwa na uhakika navyo.

Cha tano, cha katikati, kilikuwa cha mama.

Mama yangu amesuka vyondo, vikapu vyetu vya mkonge, maisha yake yote, na ana wekundu wake. Soko zima la Kiritiri liliujua. Si ule wa unga wa dukani unaochuja ukinyeshewa. Huu ni mzito, unakaribia ini bichi, na kiondo kikichakaa mpaka kitoboke rangi bado ipo. Watu walimwomba awafundishe, naye hakumnyima mtu. Ila kwetu rangi haielezwi. Ukimuuliza mama anakuambia, "Kaa hapo." Unakaa karibu na sufuria tangu maji yanapotekwa mpaka inapoteremshwa, hamzungumzi mengi, na ukiinuka katikati umeinuka. Hakusimulii ulichokosa. Siku nyingine unaanza upya kama mgeni.

Dada yangu aliinuka, majirani waliinuka, na mimi niliinuka wa kwanza kabisa. Nilikuwa na shule, kisha nikawa na mchumba, kisha nikawa na kazi. Niliona kwamba mama yupo na sufuria ipo, haraka ya nini?

Mwaka uliopita daktari wa Embu alituambia ugonjwa wa mama, huu wa kusahau, haurudi nyuma. Kutakuwa na siku nzuri na siku mbaya, alisema, na nzuri zitapungua. Dada, ambaye anaishi naye, aliniambia wazi kwenye simu kwamba zilikuwa zimeshapungua. Basi niseme ukweli. Maonyesho yalikuwa kisingizio. Nilichora vitambaa tisa ili nipate sababu ya kukaa karibu na ile sufuria kabla mama hajaondoka na wekundu wake, na niliogopa kila nilipotazama lile pengo la katikati.

Jumamosi niliyofika Kiritiri ilikuwa siku nzuri. Mama aliniita "mami" kama kawaida, maana nimepewa jina la mama yake, akaniuliza kwa nini nimekonda hivyo na huko Timau kuna viazi. Alikuwa ametoka alfajiri na panga lake kabla dada hajaamka, akarudi na kiondo cha magome, na nilipoingia uani alikuwa ameshayakatakata. Sufuria kubwa ilikuwa mafigani. Nilitoa daftari, nikaandika: maji, sufuria kubwa. Magome nikasema nitachukua vipande viwili baadaye.

Nilimpa kitambaa akakipapasa kwa vidole.

"Ni laini kama sikio la mwana-mbuzi," alisema.

"Mama, hii si mkonge. Haitaki kuchemka sana, na haitaki jivu hata kidogo. Jivu linaikula."

"Nimesikia. Kaa hapo."

Nikakaa. Moshi ulituwasha macho wote wawili, na kwa muda, pengine nusu saa, nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha simu ikalia, ikakata. Ikalia tena, ikakata. Nyumbani mtandao hushika uani kwa kubahatisha tu, ukitaka kuongea unaenda mpaka langoni. Namba ilikuwa ya kijana wa maonyesho. Nilimtazama mama. Yeye alikuwa akitazama maji.

"Nakuja sasa hivi," nikamwambia.

Niliinuka.

"Madam, hapa kuna shida kidogo," alisema yule kijana. "Ukuta wako tumeukata, kuna msanii mwingine ameongezwa. Sasa hizo pieces zako tisa, huwezi fanya sita?"

Maji yakanifika shingoni. Nilimwambia barabara ina sehemu tisa, haiwezi kuwa sita. Akaniambia nisubiri kwenye simu, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi, nikaanza upya. Nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Niliupigania ule ukuta nikiwa nimeshika nguzo ya lango kana kwamba ndio wenyewe, na nikaupata wote. Kisha akaniomba maelezo mafupi ya kubandika pembeni, kwa sababu yalikuwa yanaenda kuchapishwa siku hiyo hiyo. Nikamsomea neno kwa neno, polepole, ili asikosee: "Rangi ya tano ni urithi kutoka kwa mama yangu."

Niliporudi, sufuria ilikuwa chini.

Nilinusa kabla ya kuona. Harufu ya jivu lililolowa naijua tangu utotoni. Mama alikuwa ameinua kitambaa kwa fimbo, na ulikuwa wenyewe, wekundu wake, sijauona hivyo hata kwenye kiondo, ukimeta kwenye jua. Akaniangalia apate sifa zake. Kisha kitambaa kikaachia pale kwenye fimbo, taratibu, kama karatasi iliyonyeshewa, na nusu yake ikarudi sufuriani.

Alikuwa ametia jivu, kama alivyotia maisha yake yote. Mikono yake haikuwa na habari ya hariri.

Nikamfokea. Sijawahi kumfokea mama yangu, wala sikujua ninazo sauti za namna ile. Nilimwambia ameniharibia, nilimwambia nilimkataza, nilimuuliza kama hasikii.

"Mkonge haushiki bila jivu," alisema, bila ukali.

"Hii si mkonge, mama. Nimekwambia si mkonge."

Mama akigombezwa husafisha, ndivyo alivyo. Akabeba sufuria akaimwaga nyuma ya zizi la mbuzi, akakusanya magome yote, yaliyochemka na yaliyobaki, akayasukuma motoni mpaka la mwisho. Nilimwona akifanya hivyo. Nilikuwa nimepiga magoti nikitandaza vipande vya kitambaa pale uani, nikilia kwa ajili ya kitambaa, na sikumzuia.

Nilikuwa nimeshapita Embu narudi nyumbani nilipofungua daftari. Maji, sufuria kubwa. Ndiyo yote niliyokuwa nayo.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine mbili baada yake. Nilimwomba msamaha, akaniuliza wa nini. Nilimwomba anionyeshe mti. Akanionyesha mgunga ulio nyuma ya zizi, kwa uhakika kabisa. Wiki ya pili akanionyesha mti mwingine karibu na kanisa, kwa uhakika ule ule. Mara ya tatu akasema hajawahi kutumia magome, labda ni mizizi. Nilichemsha kila alichokitaja, na jivu na bila jivu, kwa moto mwingi na kwa moto kidogo, mpaka nikaishiwa pindo za kujaribia. Nilipata kahawia. Kahawia nzuri tu, za kila namna. Sikujua kama nimekosea mti au kipimo, au kama ni lile jivu lenyewe, kwa wingi ambao hariri haiwezi kuuvumilia, linaloleta wekundu. Nilichukia kila mti kati ya pale na mtoni.

Mwishowe nilikata chandarua, nikavishonea vile vipande vyekundu juu yake kimoja kimoja, kwa sindano nyembamba kuliko zote nilizonazo. Ukivishika kwa nguvu vinageuka vumbi. Ndivyo nilivyovitundika Embu, katikati ya vinane vilivyo vizima, na ukuta wote ukiwa wangu.

Dada alimleta mama siku ya pili, akiwa na gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Tulimketisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya kazi yangu. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Huo ni wangu," akionyesha cha tano. Hakukosea.

Mwanamke mmoja msukaji, wa huko huko Embu, alikuwa amesimama karibu, pua yake ikikaribia kugusa chandarua. Akamgeukia mama, akamwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Cucu, red kama hii sijaona. Unatoa kwa mti gani?"

Mama akatabasamu. Akanyoosha kidevu upande wangu.

"Uliza huyu. Yeye ndiye aliyekaa."

Nikamwambia yule mwanamke ni gome, la mti wa kwetu Mbeere, upande wa Kiritiri, na jivu. Akatoa kalamu, akaandika kiganjani gome, akaandika jivu, kisha akasubiri jina la mti. Mama naye alikuwa amenigeukia, mikono mapajani, akingoja nimtajie na yeye.