Kosa Nililomwachia Mhadhiri Wangu

Mhadhiri aliyesimamia tasnifu yangu pale chuoni Kilifi aliniibia hoja niliyoihangaikia miaka miwili. Ilihusu mantiki ya fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa za maumbile. Katika maisha yetu, ukisema mtu yuko nyumbani, na amevaa kanzu au kikoi, basi ama yuko nyumbani na kanzu, ama yuko nyumbani na kikoi. Chembe hizo hazitii kanuni hiyo. Mimi nilidai nimethibitisha kwamba mantiki yao ngeni inaweza kuunganishwa na nguvu ya mvutano, hii inayotuvuta chini, bila shida yoyote.

Nikaiona hoja hiyo kwenye ratiba ya kongamano la wanafizikia, neno kwa neno, kwa jina la mhadhiri peke yake. Nikamwendea ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Hii si kazi yangu?"

Hakuinua macho. "Binti, wewe ulinisaidia mahesabu tu. Mawazo yana wenyewe. Nenda kwenu Mambrui ukapumzike."

Nikaenda, nimefura kwa hasira. Mama, aliyesomesha watoto Kurani miaka mingi na asiyevumilia hoja legelege, akataka kujua hasa kilichoibwa. Nikamweleza hatua kwa hatua. Nilipofika mstari wa tatu nikasema, "Hapa tunalichukua tukio lililotangulia..."

"Limetangulia kwa saa ya nani?" akauliza.

Nikaurudia mstari ule kichwani. Nguvu ya mvutano ndiyo inayozichelewesha saa au kuziharakisha. Ikiwa nayo ni ya kwanta, haina hali moja iliyo dhahiri, basi hakuna saa moja ya kuamua lipi limetangulia. Nilikuwa nimekiweka mwanzoni kile nilichotaka kukithibitisha mwishoni. Kazi yangu yote ilikuwa imeporomoka, nami nikaangua kicheko.

"Utamwambia?" mama akauliza.

"Nitamwambia. Mbele za watu."

"Sikukulea hivyo, mwanangu."

Kwa wiki tano nilimwamkia mhadhiri yule kila asubuhi kwa adabu zote. Hata nilimsaidia kuandaa kurasa za kuonyesha ukutani, na mstari wa tatu nikauandika kwa herufi kubwa zaidi.

Kongamano lilifanyika katika hoteli moja ya Malindi. Nilikaa safu ya mbele. Alipomaliza kupigiwa makofi, nikanyoosha mkono, nikasimama.

"Mwalimu, katika mstari wa tatu, tukio limetangulia kwa saa ya nani?"

Akatabasamu. "Saa ya kawaida."

"Na mwendo wa saa ya kawaida unaamuliwa na nini?"

Profesa mmoja mgeni akavua miwani na kuinama mbele. Mhadhiri akageukia ukuta, akausoma mstari ule kama anayeuona kwa mara ya kwanza. Akaanza sentensi tatu, asimalize hata moja. Ningeweza kuketi nikamsitiri. Nilibaki nimesimama.

"Hoja inajizunguka," nikasema. "Aliyeiandika analijua hilo."

Minong'ono ikaanza nyuma. Mhadhiri alikusanya karatasi zake na kutoka kabla ya chakula cha mchana.

Nilipewa msimamizi mwingine, nikaandika tasnifu upya kwa mwaka mzima, safari hii nikianza na swali la mama. Nilifaulu. Yule bwana tukikutana chuoni hugeuza njia, nami husimama kidogo nimtazame anavyokwenda.

Mama hakunipongeza. Alisema ningemweleza kosa lake mlango ukiwa umefungwa. Ningeweza, ndiyo. Lakini sijawahi kutamani kwamba ningefanya hivyo.