Mzee Mbaraka Achagua Jenereta

Miaka ile, mtu wa Lushoto aliyetaka kununua ng'ombe hakwenda mnadani peke yake. Alipitia kwanza Magamba kwa Mzee Mbaraka Shemahonge, akabisha hodi, akaeleza shida yake, na mzee akavaa koti lake kuukuu la kijeshi wakaenda wote. Mnadani hakuwa na maneno mengi. Alimzunguka ng'ombe taratibu, akaivuta ngozi ya shingo, akamfungua kinywa, akamtazama anavyokanyaga. Halafu akafanya lile lililompa jina: alimtupia majani mabichi, akachuchumaa kumwangalia anavyokula. Ng'ombe aliyekula kwa pupa, huyo ndiye. Anayechaguachagua majani, huyo alimwacha hata awe na umbo la kupigwa picha. Na hakukosea, jamani! Kuanzia Mlalo mpaka Soni kulikuwa na watoto walionenepa kwa maziwa ya ng'ombe aliowachagua yeye.

Sasa mtu wa namna hiyo, ukimtuma akachague jenereta, unadhani atafanyaje?

Alitumwa na binti yake. Ulikuwa mwaka wa sitini na nane, masika, Azimio la Arusha halijatimiza hata miaka miwili, na kila redio ilikuwa ikihimiza watu wajitegemee. Huyu binti, Mwanaidi, alikaa Lushoto mjini na mumewe Issa, bwana shamba, katika nyumba ya serikali yenye umeme. Alikuwa ameshazika watoto wawili. Wa tatu naye akaja kabla ya wakati wake, wa miezi saba, msichana, wakampa jina la marehemu bibi yake, Mwanahawa. Hospitali wodi ya watoto ilikuwa imejaa surua, kwa hiyo Secilia, nesi aliyekaa nyumba ya pili, akashauri mtoto alelewe nyumbani chini ya macho yake. Akatafuta sanduku la mbao, akalitandika pamba na blanketi, akaning'iniza ndani yake globu ya umeme.

"Huyu hana mafuta mwilini," Secilia aliwaambia. "Akipoa tu, anatutoka. Hii globu ndiyo tumbo la mama yake kwa sasa."

Mzee Mbaraka alipokuja kutazama mjukuu, alisimama mlangoni kwa adabu. Watu wa rika lake hawakuingiaingia chumba cha mzazi. Watoto wake mwenyewe aliwapokea mikononi walipokwisha kukaa. Lakini Mwanaidi akamwita, "Baba, njoo umwone," naye akaenda, akachungulia sandukuni. Lo! Mtoto mwenyewe hazidi paka wa juzi. Chini ya mwanga ule ngozi ilikuwa nyembamba hata mishipa ilionekana, na kifuani, pale pale mbele ya macho yake, moyo ulikuwa ukidunda. Alikuwa amezalisha ng'ombe wasiohesabika, lakini uhai uliokaa wazi namna ile hakuwahi kuuona. Akaitazama na ile globu, moto usio na kuni, usio na moshi, usio na jivu, halafu unatunza roho ya mtu.

"Subhana Llah," akasema, akatafuta kiti.

Hajamaliza kukaa, upepo ukaangusha mkaratusi huko juu kwenye nyaya, na globu ikazimika. Wanawake wakakurupuka na chupa za maji ya moto. Mzee hakuambiwa kitu; alijionea mwenyewe ule wekundu ukimtoka mtoto, midomo ikiwa ya kijivu, na mama mtu akiwa amejiziba kinywa kwa khanga. Umeme ulirudi baada ya kitambo kidogo, lakini kila mtu mle ndani alikuwa ameshakufa nusu.

"Baba," Mwanaidi akasema, "siku ukikatika kutwa nzima, ndiyo basi tena. Issa yuko Handeni kwenye vijiji vya ujamaa, hajui lini atarudi. Soni kile kiwanda cha mbao kinafungwa, wanauza jenereta za kubebeka. Nenda ukatuchagulie moja. Wewe ndiye mchaguzi."

Mzee akavaa koti.

Kule Soni aliyekuwa akiuza ni fundi mmoja aitwaye Mika, kijana mchangamfu, mikono myeusi kwa oili. Akamwamkia shikamoo, wakajuliana hali kwa Kishambaa mpaka ikatosha, kisha akamwonyesha mashine tatu zilizopangwa chini ya bati. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya magurudumu, na mzee akaipita bila kusimama, maana ile haiingii hata uani kwa Mwanaidi. Zikabaki mbili. Moja ya bluu, ndogo, nyembamba, ina mpini. Nyingine nyekundu, nene, imekaa chini kwa uzito wake.

"Chukua hii ya bluu, mgoshi," Mika akasema, ndiyo kumwita bwana kwa Kishambaa. "Kuwasha globu za nyumbani inatosha na kusaza. Na hainywi. Ukiitia petroli asubuhi, jioni bado ipo."

"Hainywi?" Mzee Mbaraka akainama kuitazama vizuri. "Tangu lini?"

"Tangu itengenezwe."

"Haikuwahi kuugua?"

Mika akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mzee hakucheka. Akaielekezea fimbo ile nyekundu na kuuliza habari zake.

"Aa, hiyo! Hiyo ina nguvu, siwezi kukudanganya. Lakini inakunywa, mgoshi. Inakunywa balaa."

Hapo uso wa mzee ukakunjuka. Akaomba iwashwe. Mika akavuta kamba, mashine ikanguruma sauti nzito ya kutulia, na globu iliyofungwa kwenye boriti ikawaka mchana kweupe. Mzee akaweka kiganja ubavuni mwa lile dude. Lilikuwa la moto, na lilikuwa likitetemeka. Chuma kimekunywa maji yanayonuka, kinatoa mwanga! Mkono ukamsisimka hadi begani, na kwa muda mrefu hakuutoa.

"Inapumua," akasema kwa sauti ya chini.

"Mgoshi, nisikilize," Mika akasema, sasa bila kicheko. "Hii si ng'ombe. Ng'ombe akila sana, atakupa maziwa. Hii ikinywa sana imekunywa tu."

"Kijana, mimi nilianza kuchagua wewe hujazaliwa. Kisichokula hakina kitu. Nifungie nyekundu."

Mtamba wake aliyempenda kuliko wote, aliyemswaga kutoka Magamba, ndiye aliyebaki Soni kulipia. Jenereta ikapandishwa kwenye lori la kabichi, na mzee akapanda nayo huko nyuma, ameishikilia njia nzima isije ikagonga.

Mjini mtaa wote ulitoka kuitazama. Mzee akataka iingizwe ndani, sebuleni, pembeni mwa ukuta. Msimcheke, kwao Magamba ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, na mnyama mgeni haachwi nje na ukungu siku ya kwanza. Ni Secilia aliyesimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Baba, shikamoo yako, lakini hapa haipiti. Moshi wake ni sumu. Ukiiwasha humu ndani utamzika mjukuu na mama yake siku moja."

Mzee aliposikia neno kuzika, aliirudisha nje yeye mwenyewe, akaiweka barazani kwa jikoni ambako mvua haifiki, waya ukapitishwa dirishani. Akanunua petroli debe zima. "Ashibe," akawaambia majirani. Akahamia pale pale, akawa analala sebuleni.

Haikupita wiki, siku yenyewe ikafika. Mvua ilinyesha usiku kucha na upepo juu, na kulipopambazuka globu ilikuwa imekufa. Mzee alikwisha kuwa barazani. Akavuta kamba, kimya. Akavuta tena, ikakohoa. Akasema bismillah, akavuta kwa nguvu zake zote, na ile sauti nzito ikajaa uani. Kutoka chumbani Mwanaidi akapiga kelele, "Inawaka, Baba! Inawaka!"

Asubuhi ile Mzee Mbaraka hakuwa mtu wa dunia hii. Alikuwa akitoka barazani anaingia chumbani, akitoka chumbani anarudi barazani. Huku anamimina petroli, kule anatazama wekundu umekaa kwenye mashavu ya mtoto, na haamini kwamba hiki ndicho kinacholeta kile. Alimwita jirani amsikilize mashine wake. "Unasikia anavyokula? Kula, mama, kula!" Alikuwa na furaha ya mtu aliyechagua vizuri kuliko alivyowahi kuchagua maishani.

Ilipokuwa adhuhuri debe lilikuwa jepesi. Baadaye kidogo akaliinamisha, yakatoka matone.

Akakimbia, na umri wake ule, koti limefungwa mpaka shingoni, mpaka kwenye pampu ya petroli. Mwenye pampu akatikisa kichwa: huko chini ya Soni ardhi imeporomoka barabarani, gari la mafuta halijapanda, hakuna petroli Lushoto nzima. Mzee akasimama mvuani akimkumbuka Mika na maneno yake. Ile ya bluu ingekuwa bado inanguruma. Aibu na hofu vikamshika kwa pamoja, akarudi mbio kuliko alivyokwenda, na akiwa bado barabarani hakusikia sauti aliyoitegemea kuisikia. Baraza ilikuwa kimya.

Chumbani Secilia alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, amelowa chapachapa, meno yanagongana. Mwanaidi alikuwa amelala kitandani, homa imempanda tangu adhuhuri, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Chupa za maji zilikuwa zimepoa, na kuni zote mbichi. Mzee akasimama mbele yao.

"Nimekosea," akasema. "Nimeichagua kama ng'ombe. Petroli imekwisha na haipatikani. Nimemuua mtoto."

Secilia alikwisha kuinamia sanduku. Alikuwa amegusa mguu wa mtoto na uso umembadilika. Akamtazama mzee, mvuke unavyomtoka shingoni kwa zile mbio.

"Baba, vua koti. Vua na shati."

"Nini?"

"Vua shati nakwambia! Mimi ni barafu, mama yake anatetemeka kwa homa, hawezi kumshika. Mwenye joto humu ndani ni wewe. Upesi!"

Hakuna binti aliyewahi kumwambia Mzee Mbaraka maneno hayo, na kwa amri ile. Akavua. Akakaa chini, mgongo ukutani, na Secilia akamtoa mtoto sandukuni akamlaza kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa blanketi.

Mtoto alikuwa wa baridi kama jani la kabichi la asubuhi. Mzee akaogopa hata kumeza mate. Mikono yake, iliyokuwa ikifungua vinywa vya mafahali, haikujua pa kukaa. Mwisho ikaupata ule mgongo, ukaenea kiganja kimoja na nafasi ikabaki. Akangoja. Hakusikia kitu. Akaanza kuomba bila sauti, na katikati ya dua akausikia: mdundo mwepesi, wa mbio, hafifu mno, si kwa sikio bali kwa mfupa wa kifua chake. Ukapotea. Ukarudi. Ukakaa. Mzee Mbaraka akalia mbele ya wanawake, machozi yakamshuka kwenye ndevu, wala hakujali.

"Baba," Mwanaidi akauliza kutoka kitandani, anaogopa jibu, "yupo?"

"Yupo. Amenishika nywele za kifua, anavuta."

Wakakaa hivyo. Mvua ikapungua, ukungu ukajaa dirishani, na mzee hakubadilisha hata mguu. Magharibi inakaribia, globu ikawaka ghafla ndani ya sanduku, ikaangaza pamba tupu. Secilia, aliyekwisha kubadili nguo zake, akaruka kwa furaha.

"Umeme umerudi, alhamdulillahi hata mimi nasema! Baba, mlete nimrudishe sandukuni."

Mzee hakuinua macho.

"Mama yake akipona homa, nitampa. Sanduku, hapana."

"Baba, wewe utachoka."

"Nikichoka nitasema. Njoo umguse kwanza."

Secilia akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya blanketi, akaupapasa mgongo wa mtoto, kisha nyayo zake, mmoja mmoja. Joto lilikuwa limemfika mtoto mpaka vidoleni. Halafu akainuka, akaenda kwenye sanduku, akaizima ile globu.