Jiko la Milango Miwili

Kule Bigwa, ukiiacha barabara na kupanda kidogo kuelekea mlimani, utakuta nyumba mbili zilizotazamana. Zimekaribiana kiasi kwamba wa huku akipiga chafya, wa kule humwitikia. Ya kwanza ni ya Bi Mwanahawa, mjane wa miaka sitini na moja. Ya pili ni ya Shamimu, fundi cherehani, mdogo kwake kwa miaka kumi hivi. Kati ya milango hiyo miwili kulikuwa na jiko la mkaa lililotengenezwa kwa rimu ya gari. Zito, huwezi kuliiba bila kujulikana.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Alfajiri Bi Mwanahawa anachemsha magimbi ya kuuza pale njia panda. Akishaipua, makaa yanayobaki ni ya Shamimu, anateleka maharage yake na kurudi kushona. Yanaiva polepole bila mtu kuyaangalia. Mkaa wananunua kwa zamu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Miaka sita walikwenda hivyo, na sijasikia siku hata moja mmoja kamdai mwenzake kipande.

Ndiyo maana paa la Bi Mwanahawa lilipoanza kuoza na akataka kukopa laki tatu za mabati kwenye kikundi chao cha kukopeshana, mdhamini hakuwa na haja ya kutafutwa. Shamimu aliweka cherehani yake dhamana. Sharti la kikundi wote walilijua: elfu kumi kila Jumapili, na mkopaji akikosa Jumapili tatu mfululizo, dhamana inabebwa.

Alilipa vizuri mpaka deni likabaki laki moja na themanini. Hapo ndipo simu ilipoita.

"Bibi, shikamoo. Naitwa Glory, napiga kutoka ofisi ya ruzuku."

"Marahaba. Na mimi ni mke wa mfalme."

"Bibi, kumbukumbu zinaonyesha umelipwa hela zilizozidi. Itabidi uzirejeshe."

"Haya mwanangu. Nikutumie kwenye namba gani? Hii, au ya mwenzako aliyefungwa juzi?"

Akakata. Nani asiyewajua matapeli wa simu? Binti yule alipiga mara tatu, na mara tatu akajibiwa vilevile. Shamimu alikuwa mlangoni anasikiliza, akacheka mpaka akashika ubavu.

Wiki iliyofuata mjumbe wa mtaa akaleta barua yenye muhuri. Bi Mwanahawa alilowesha kidole kwa mate akausugua muhuri ule aone kama utatoka. Ulitoka kidogo. Hilo halikumsaidia, kwa sababu mjumbe alisema wino wa muhuri wowote hutoka. Basi akavaa khanga zake nzuri, akaenda mjini.

Glory alikuwa binti kweli, si tapeli. Alikuwa mgeni wa mji, mwezi wa pili tu tangu ahamishwe kutoka mkoa mwingine. Akamweleza taratibu. Bi Mwanahawa alikuwa akipokea ruzuku ya kaya maskini, elfu arobaini na nne kila baada ya miezi miwili, na ndani yake elfu kumi na mbili zilikuwa za wajukuu wawili, Yasmin na Luqmani. Lakini wajukuu walihamia Kihonda, mama yao alipopata kazi kiwandani. Malipo manane yalikuwa yamepita tangu hapo.

"Na siku ya uhakiki, bibi, ulisema wapo."

"Wapo! Mkeka wao upo pale pale. Majina yao ni ya ukoo wangu. Wako kwa mama yao, na mama yao nimemzaa mimi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Sasa hao, mwanangu, ni wa nani?"

"Sisi tunahesabu wanaolala, bibi."

 Mama wa watu hakuwa amedanganya. Aliulizwa watoto wa nyumba yake, akataja watoto wa nyumba yake. Angeulizwa kesho angewataja tena.

Hesabu ilikuwa elfu tisini na sita. Zitakatwa elfu kumi na mbili kila malipo mpaka ziishe, na za wajukuu hazipo tena. Arobaini na nne imekuwa ishirini, kwa miezi kumi na sita.

"Nani kakwambia hawalali kwangu?"

Glory aliangalia karatasi zake. "Mtu wa huko huko kwenu. Anayekufahamu vizuri."

Basi. Kwa maneno hayo machache Bi Mwanahawa alirudi Bigwa kwa miguu, ili nauli ibaki, na njia nzima alikuwa akiwapitisha watu kichwani mmoja mmoja. Mjumbe? Mjumbe hajui hata wajukuu zake mwenyewe. Wanawake wanaoshusha magimbi kutoka mlimani? Hao hawajui ruzuku ni nini. Mtani wake, Mzee Stambuli, fundi majiko? Stambuli ni wa ukoo wenye utani na ukoo wake. Anamtukana kila akipita, asubuhi na jioni, na siku bibi akifa ndiye atakayevaa khanga zake na kuwachekesha waombolezaji. Mtu anayekutukana mbele ya watu atakuchongea kwa siri gani? Akampitisha.

Akabaki Shamimu.

Si yeye aliyeuliza mwezi uliopita, "Dada, hao watoto ndio hawarudi tena?" Mtu anauliza hivyo kwa nini? Na kile kicheko cha siku ya simu, kilikuwa kicheko cha bure? Na kitenge kipya kilichoanikwa kambani wiki hiyo hiyo kimetoka wapi?

Alipofika, Shamimu akatoka mbio na sindano mdomoni. "Dada, wamesemaje?"

Anataka kujua wamesemaje, akawaza Bi Mwanahawa. "Wamesema salama," akajibu. Jioni ile akalikokota jiko mpaka ndani kwake, akafunga mlango.

Akaanza kubana. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi vipande vyembamba kama mkate wa harusi. Chai ya tangawizi aliinywa bila sukari. Maji ya bombani ya kulipia akaachana nayo, akawa anateka mtoni. Magimbi mazima aliuza, yaliyopasuka ndiyo yakawa chakula chake, mchana na usiku. Lakini mkaa! Mkaa sasa aliununua peke yake kila wiki, na makaa yaliyokuwa yakiivisha maharage ya Shamimu yalikuwa yanakufa bure ndani ya jiko, akiyatazama. Alijua ni hasara. Aliona bora hasara.

Na unajua mashaka yakishapata pa kukaa hayatosheki na mtu mmoja. Akawa anahesabu magimbi kabla ya kulala na akiamka. Akafunga uzi kwenye komeo la mlango ili ajue kama pameguswa. Binti yake alipopiga kutoka Kihonda kumjulia hali, alimuuliza kwanza, "Nani yuko karibu yako anasikiliza?"

Katika kubana huko ndipo wazo lilipomjia, Jumapili moja asubuhi, deni likiwa limeshuka mpaka laki moja na arobaini, akiwa na elfu kumi ya kikundi mkononi. Kwani nisipolipa, atakayenyang'anywa ni nani? Si mimi. Yeye kanikata elfu kumi na mbili kila malipo, nami nimkate cherehani. Akaikunja noti, akaitia kwenye kopo la unga.

Jumapili ile alituma salamu kuwa anaumwa. Ya pili hakutuma hata salamu. Jioni yake Shamimu akabisha hodi.

"Dada, kama huna si useme? Nitakuongezea hata elfu tano."

"Elfu tano umeitoa wapi?"

"Si sare za shule. Nashona mpaka macho yananiuma."

"Eeh. Sare."

"Sare, ndiyo. Dada, nimekukosea nini?"

"Unajua mwenyewe."

Shamimu alimtazama kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Kisha akavuka, akarudi kwake. Usiku kucha cherehani ililia, na Bi Mwanahawa alikuwa macho anaisikiliza.

Jumapili ya tatu wakaja. Mbele alikuwa Filomena, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke wa haki asiyependa kazi ile hata kidogo. Nyuma yake wanakikundi wawili, na nyuma yao mkokoteni wa kukodi. Nani anausukuma? Mzee Stambuli. Siku ambazo hana jiko la kutengeneza huwa anabeba mizigo.

Bi Mwanahawa alikuwa nyuma ya pazia. Noti tatu nyekundu za elfu kumi kumi alikuwa amezifunga kwenye pindo la khanga, na pindo amelishika.

Cherehani ilikuwa na sare ya mtoto chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, mmoja bado. Filomena akasema polepole, "Shamimu mdogo wangu, sheria tuliandika wote." Shamimu hakubisha. Aliinama, akakata uzi kwa meno, akaitoa sare, akaikunja vizuri akaiweka kitini. Hakutazama upande wa pili. Kutotazama kwake kulimfurahisha Bi Mwanahawa kwanza, halafu kukamkera.

Wakaipakia. Stambuli hawezi kufanya kazi akiwa kimya, akaelekeza mdomo kwenye pazia.

"Mtani! Toka nje uage! Mbona mnabeba chuma mnaacha kutu? Mbebeni na huyo mle ndani, mwanamke wa wajukuu wa kukodi!"

Hakuna aliyecheka, naye mtani asipochekewa huongeza chumvi.

"Hamjui? Hata yule binti wa ofisi nilimwambia! Kaja hapa njia panda, jua kali, ananiuliza nyumba ya Bi Mwanahawa. Nikamwambia, yule mwenye wajukuu wa kukodi? Watoto wenyewe wanalala Kihonda, yeye yupo hapa anakula hela zao! Binti wa watu akatoa kalamu akaandika! Nikasema huyu naye kachanganyikiwa na jua!"

Akacheka peke yake.

Pazia likafunguka. Bi Mwanahawa akatoka mpaka kwenye mkokoteni.

"Stambuli. Rudia."

"Nirudie lipi, mtani? La kutu?"

"La kalamu."

Akalirudia, lakini safari hii bila kucheka, maana alikuwa ameziona sura. Mwishoni akashusha mikono ya mkokoteni. "Jamani, ulikuwa utani. Nani haujui utani? Mtani gani anakasirika?"

Na huo ndio ulikuwa mtihani. Mtani hakasirikiwi. Angemtukanaje mtu mwenye haki ya kumtukana? Glory naye angejuaje, mgeni wa watu, kwamba huyu mzee na bibi huyu wametukaniana tangu ujana? Zaidi ya hapo, maneno ya Stambuli yalikuwa kweli: watoto wanalala Kihonda. Hasira ya wiki zote zile haikuwa na pa kwenda.

Akafungua pindo la khanga. Akazinyoosha noti tatu moja moja, akampa Filomena.

"Jumapili tatu. Shusheni cherehani."

Filomena akapokea, akashusha pumzi. Wanawake wakaanza kuishusha haraka, kama wanaogopa atabadili nia. Shamimu ndiye aliyebaki amesimama. Alikuwa anaziangalia zile noti mkononi mwa Filomena, zimekunjwa kila moja kivyake, moja ina unga kwenye mikunjo.

"Ulikuwa nazo?" akauliza.

Bi Mwanahawa akalikunja pindo tupu la khanga.

"Dada. Wiki zote tatu ulikuwa nazo?"

"Nilidhani ni wewe uliyenichongea."

"Sikuuliza ulidhani nini."

Shamimu akaingia ndani na cherehani yake. Komeo likasikika.

Stambuli alikuwa anajikuna kisogo. "Mtani, mimi nitengenezeje?"

"Utani una faini. Debe la mkaa kila wiki, mpaka deni la ofisi liishe."

"Miezi kumi na sita! Mtani, unataka kunizika kabla sijakuzika?"

"Basi mpaka la kikundi liishe. Wiki kumi na moja. Na si la chenga."

"Si la chenga," akakubali Stambuli, akauvuta mkokoteni mtupu akaondoka bila kutukana mtu, jambo ambalo Bigwa haijaliona tena.

Alfajiri iliyofuata Bi Mwanahawa alilikokota jiko likarudi mahali pake, kati ya milango miwili. Akachemsha magimbi. Alipoipua, makaa yalikuwa mekundu, mazuri, ya kuivisha chochote. Akaita, si kwa sauti kubwa, "Shamimu, makaa haya."

 Akapanga magimbi kwenye beseni taratibu kuliko siku zote, akafunika, akafunua, akapanga upya. Mwishowe komeo likalia. Shamimu akatoka na sufuria ya maharage, akaiteleka.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Mkaa ni zamu yangu wiki hii. Na ijayo."

"Sawa."

Zamani angeteleka akarudi kwenye cherehani. Siku hiyo aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka karibu na jiko, akakaa. Sare ya mtoto ilikuwa mapajani, anashona ule mkono wa pili kwa mkono. Kila baada ya muda alikuwa anainua kifuniko kuangalia, ingawa hata maji hayajachemka.

Bi Mwanahawa akajitwika beseni, akashika njia ya kwenda njia panda. Kwenye kona akageuka. Shamimu alikuwa bado amekaa pale pale, ameacha kushona, anamtazama.